Troka na Punda

Mwaka ule kazi yangu ilikuwa kulinganisha mitandao ya blokcheni, yale madaftari ya kompyuta ambayo kila anayeyatunza ana nakala yake. Nilikaa Bacamaya, mji wa vumbi na ngano kaskazini mwa Meksiko, na ofisi iliyoniajiri ilikuwa katika mji mkuu, ambako sikuwahi kufika. Walinitumia majina ya mitandao, nami niliwarudishia jedwali: huu unabeba miamala mingapi kwa sekunde, ule unatunzwa na kompyuta ngapi, nani anaweza kuuzima. Wateja walisoma safu moja tu, ile ya kasi. Safu ya mwisho, inayosema madaraka yako mikononi mwa nani, niliiandika kwa uangalifu nikijua hakuna atakayeifikia. Nilikuwa nimechoka uchovu ule ambao usingizi hauuwezi. Nilikuwa nikiamka nao, tunapiga mswaki pamoja.

Asubuhi moja shangazi yangu Obdulia aliingia jikoni kwangu bila kubisha, na buti za jangwani bado ziko miguuni.

"Nereida, una kahawa?"

"Ipo ya jana, shangazi."

"Jana si mbali. Mimina."

Shangazi Obdulia Gastélum ni dada wa marehemu baba yangu. Mwanawe Leobardo alichukuliwa na watu wenye bunduki kwenye kituo cha mafuta, mchana kweupe, na hakurudi. Tangu hapo shangazi na wanawake wengine waliopotelewa na watu wao walikuwa wakienda jangwani kila juma na majembe na fimbo za chuma. Unaichoma fimbo ardhini, unaichomoa, unainusa ncha; ikinuka maiti, mnachimba. Wakipata mtu huwaita watu wa ofisi ya uchunguzi, ambao huja na mifuko na karatasi na kumchukua. Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa, na mji mzima ulikuwa umeyazoea, jambo ambalo ni aibu lakini ni kweli.

"Wamefuta shimo," alisema.

"Nani?"

"Ofisini. Sisi tulichimbua mashimo matatu kule kwenye matanuri ya matofali. Jana nimekwenda kuuliza, faili lina mawili. Nikamwambia yule bwana, la tatu nimelichimba kwa mikono hii. Akaniambia kwenye mfumo halipo. Mfumo! Nikamwuliza, huo mfumo ni mama yako, kila akisemacho unaitikia?"

"Ukamwambia hivyo?"

"Na zaidi." Akanywa kahawa, akakunja uso. "Hii si ya jana. Hii ni ya juzi. Sasa sikiliza, mwanangu. Wewe kazi yako si hayo madaftari ya kwenye mtandao yasiyofutika? Nataka moja. Nataka tukimpata mtu, tumwandike kabla hatujampigia simu yeyote, na asitokee mwanadamu wa kutufutia."

Ningeweza kumwambia kwamba neno "yasiyofutika" lina mambo mengi ndani yake. Nilimwambia nitaangalia.

Nikaangalia. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka, nilitengeneza jedwali ambalo nilijua litasomwa hadi mwisho. Mitandao niliichuja mpaka ikabaki miwili, na Jumamosi nikaenda nyumbani kwa shangazi, ambako wanawake walikuwa wamekaa uani chini ya turubai, wanakula tortilla za ngano, chapati zetu za huku, na maharage. Jedwali lenyewe sikulitoa. Nilisema tu kwa mdomo.

"Picha zenyewe hatuziweki huko," nikaanza. "Tunaweka alama ya picha, pamoja na mahali ilipopigwa. Ni kama alama ya kidole gumba. Mtu akiigusa picha hata kidogo, alama hailingani tena. Na ile saa iliyoandikwa huko ndiyo ushahidi kwamba picha ilikuwepo wakati huo. Hapo tumeelewana?"

Wakaitikia kwa vichwa.

"Mtandao wa kwanza ni mwepesi. Ukibonyeza, hujainua kidole, umeshaandikwa, na ni kama bure. Una uwezo wa kubeba mji mzima ukiandika kwa pamoja. Lakini unabeba hivyo kwa sababu unatunzwa na kompyuta kubwa chache, hazifiki thelathini, na wenye kompyuta hizo wanajuana. Wakikubaliana jambo kwa simu, limekuwa."

"Na wa pili?" aliuliza shangazi.

"Wa pili unatunzwa na maelfu ya watu, nchi mbalimbali. Wengine wana kompyuta ndogo tu jikoni. Kila mmoja ana nakala yote tangu siku ya kwanza, na hakuna mkubwa wao. Ukitaka kufuta kitu, hujui umpigie nani. Lakini ndiyo maana ni mzito. Kila kompyuta lazima ibebe mzigo wote, hata ile dhaifu, kwa hiyo watu wanapanga foleni. Ujumbe wako unaweza kukaa saa nzima. Siku ya msongamano, zaidi."

"Kwani hakuna wenye yote mawili?" aliuliza mama mmoja.

"Wapo wanaosema wanayo. Mimi nalipwa kusoma wanachosema."

Wakacheka kidogo. Ndipo akaongea Yadira Bojórquez. Alikuwa mdogo kuliko wote, mumewe Wilfrido alikwenda kazini siku moja na pikipiki, ikapatikana pikipiki tu. Yadira ndiye aliyeendesha gari la kundi, na ndiye aliyekuwa na mdomo.

"Kwa hiyo mmoja ni troka, mwingine ni punda," alisema.

Kwetu kila pikapu ni troka, na punda ni punda. Majina yakashika palepale, hata leo siwezi kuyatoa kichwani.

"Mimi nataka Troka," aliendelea Yadira. "Tusidanganyane. Mnajua jangwani kunavyokuwa. Tunachimba, mara unaona vumbi kule mbali, gari inakuja, hujui ni ya nani. Niwaambie hao wenye gari, jamani subirini kidogo, punda wangu yuko kwenye foleni? Nataka nibonyeze, tuondoke."

"Na hao thelathini wakikubaliana?" shangazi aliuliza.

"Wakubaliane nini? Wanatujua sisi? Sisi ni nani kwao?"

"Leobardo naye alisema hivyohivyo. Mimi ni nani, nani atanifuata."

Walipiga kura kwa kuinua mikono. Shangazi na mama mwingine mmoja walimchagua Punda. Waliobaki wote wakachagua Troka. Mimi sikuwa na kura. Nilikula tortilla yangu nikafikiri kwamba Yadira ana haki, na shangazi ana haki, na hilo ndilo lililokuwa likinichosha katika kazi hii tangu mwanzo.

Kwa miezi kadhaa Troka alikwenda vizuri. Walipiga picha, wakabonyeza, tiki ya kijani ikatokea, wakapiga simu ofisini. Yule bwana wa ofisi ya uchunguzi, ambaye tulimwita Mhitimu kwa sababu alipenda kuitwa kwa shahada yake, akaanza kuwa na adabu. Faili na daftari letu vikawa vinalingana.

Kisha ikaja siku ya mfereji.

Nilikwenda nao siku hiyo kwa sababu mama aliyebeba maji alikuwa anaumwa. Tulikuwa nje ya mji, ng'ambo ya mfereji mkavu wa umwagiliaji, kati ya madungusi. Jua lilikuwa limeanza kuuma mapema. Fimbo ya Yadira ilizama kirahisi mno. Akaichomoa, akainusa, akanipa nami ninuse, kisha akakaa chini. Wenzake wakaja na majembe.

Waliozikwa pale walikuwa wawili, halafu pembeni kidogo akapatikana wa tatu. Sitaeleza zaidi. Wa tatu alikuwa na mkanda wa ngozi, bizimu yake ina kichwa cha farasi.

Yadira aliuinamia muda mrefu.

"Wilfrido alikuwa na wa hivi," alisema.

"Nusu ya wanaume wa huku wana wa hivi," alisema shangazi, kwa upole.

"Najua, Bi Obdulia. Nasema tu alikuwa nao."

Akapiga picha moja baada ya nyingine, mkono wake ukiwa imara kuliko wangu ambao ulishika chupa tu. Alibonyeza. Tiki, tiki, tiki. Ndipo tukawapigia simu, na watu wa ofisi wakafika mchana, wakafunga utepe, wakatufukuza kama kawaida.

Tuliporudi mjini nilifungua kompyuta ili nione zile alama, nikakuta mtandao umesimama. Si kwetu tu. Dunia nzima. Zile kompyuta kubwa zilikuwa zimeanza kutofautiana kuhusu nini kimeandikwa na nini hakijaandikwa, na mtandao ukaganda. Nilikuwa nimeshaona mambo ya namna hiyo kazini na nilijua kinachofuata: wenye kompyuta watakutana kwa simu, watachagua mahali pa kuanzia upya. Nililala nikiomba wachague mahali pa karibu.

Kesho yake mtandao uliwaka. Walikuwa wamechagua wakati wa saa moja kabla ya sisi kufika mferejini. Yote yaliyoandikwa baada ya hapo yalihesabiwa kama hayakuwahi kutokea. Tangazo lao lilikuwa fupi na la heshima: walishukuru kwa subira, walisema hakuna fedha ya mteja iliyopotea.

Nilikwenda kwa miguu hadi kwa shangazi kumwambia. Yadira alikuwapo.

"Lakini niliona tiki," alisema. "Nere, niliiona. Na wewe uliiona."

"Niliiona."

"Sasa imekwenda wapi?"

"Wamerudisha gari nyuma hadi kabla ya pale ulipopanda."

Shangazi Obdulia hakusema lolote kuhusu kura. Aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Picha zenyewe tulikuwa nazo kwenye simu ya Yadira. Kilichopotea ni ushahidi wa saa. Na kama vile kulikuwa na mtu anangoja hilo tu, faili la mfereji lilipofunguliwa lilikuwa na watu wawili. Tulikwenda ofisini watatu, shangazi, Yadira na mimi. Mhitimu alitukaribisha viti, akawasha feni ituelekee sisi, na hiyo ndiyo ikanitia hofu.

"Mabibi, picha yoyote inaweza kupigwa popote," alisema. "Saa ya simu mtu anaisogeza anavyotaka. Sisemi mmefanya hivyo, Mungu aniepushe. Ila lile daftari lenu, lile lisilofutika mlilokuwa mnanisifia, linasemaje?"

Shangazi akaigeukia feni.

"Mimi nasubiri," akasema, akitabasamu.

"Linasema umenenepa," alisema Yadira, akatoka. Mlangoni nilimkuta ameegemea ukuta. "Yule wa mkanda ni Wilfrido, Nere. Na nimempoteza mara mbili."

Niliwaandikia wenye mtandao wa Troka. Sikuandika kama mteja aliyeudhika. Niliandika kama mtu wa kazi hiyo, nikitaja saa na namba za alama zetu, nikieleza zilihusu nini. Sikutarajia jibu. Lakini alijibu kijana mmoja wa Guadalajara aitwaye Ulises Arreguín, aliyekuwa miongoni mwa wasimamizi wa zile kompyuta kubwa, akaomba tuzungumze kwa video. Tukamweka kwenye meza ya jikoni kwa shangazi, simu imeegemezwa kwenye mtungi wa sukari.

Alikuwa na macho mekundu ya mtu asiyelala. Nilimjua mara moja, ingawa sikuwahi kumwona. Alikuwa amechoka kama mimi.

"Kwanza naomba radhi," alisema. "Hatukujua kwamba kuna watu... tulidhani ni miamala ya kawaida. Tulikuwa kwenye simu watu tisa, ilibidi tuchague mahali, tukachagua."

"Watu tisa," alisema shangazi.

"Ndiyo, mama. Wengine walikuwa wamelala. Nimezungumza na wenzangu. Tunazo kumbukumbu za kompyuta zetu za siku ile. Alama zenu zimo, na saa zake. Tunaweza kuzirudisha. Tukikubaliana wachache tu, tunaziingiza kwa mkono, pale pale zilipokuwa. Itaonekana kama hazikuwahi kuondoka."

Yadira aliachia pumzi. Alifunika uso kwa mikono, na nilipoona mabega yake nilidhani analia, lakini alipoinua kichwa alikuwa anacheka, kicheko cha mtu aliyepewa maji. "Mungu akubariki, kaka. Lini? Leo?"

"Hata leo."

"Leo, basi. Leo." Akanishika mkono. Kisha mkono wake ukalegea polepole ndani ya wangu. Alikuwa anaitazama ile simu. "Kaka, subiri. Hilo unalotufanyia sisi, unaweza kumfanyia mtu yeyote?"

"Hatufanyi, dada. Hii ni kwa sababu ya hali yenu."

"Sijauliza kama mnafanya. Nauliza kama mnaweza."

Ulises alijipangusa macho. "Tukikubaliana, tunaweza."

"Kuingiza na kutoa."

"Kuingiza na kutoa. Ndiyo."

"Na akija nyumbani kwako mtu, si kukuomba. Unanielewa. Amekuja na wenzake, wanajua mtoto wako anasoma wapi, wanataka utoe kitu. Wewe na wenzako wanane."

Nilidhani atasema hapana, sisi ni imara, kama walivyoandika kwenye karatasi zao nilizolipwa kuzisoma. Hakusema hivyo, na kwa hilo namheshimu hadi leo.

"Nina binti," alisema. "Ningetoa."

Kuku wa jirani walikuwa wanapiga kelele, na hakuna aliyekwenda kuwafukuza. Shangazi alimwangalia Yadira, akamwacha aamue mwenyewe. Mimi nilitamani aseme ndiyo. Nilitamani, kwa uchovu tu, jambo moja katika mwaka ule limalizike kwa urahisi.

"Basi usiturudishie," alisema Yadira. "Ukirudisha, yule bwana wa ofisini atasema tulijuana na wewe, na atakuwa amesema kweli. Ahsante, kaka. Mlinde binti yako."

Alikata simu mwenyewe, akaenda uani, akachomoa majani makavu yasiyohitaji kuchomolewa mpaka vidole vikachubuka.

Jioni ile tuliziandika picha za mfereji upya, kwa Punda. Ujumbe ulikaa kwenye foleni tukala, tukaosha vyombo, ukaingia. Saa iliyoandikwa ilikuwa ya siku hiyo, si ya siku tuliyowapata. Shangazi alitaka tuweke maelezo, nasi tukaweka: kwamba tuliwapata siku nyingine, kwamba tulichelewa kuandika, na sababu yake. Mhitimu alipoiona alisema inathibitisha tu kwamba tulichelewa. Tulimwambia ndivyo ilivyoandikwa.

Baada ya hapo kundi lilihamia kwa Punda kabisa. Kompyuta yangu ya zamani niliisafisha nikaiweka kwa shangazi kando ya friji ili nayo iwe miongoni mwa yale maelfu. Ilimeza historia yote ya mtandao ule kwa majuma, ikinguruma. Shangazi aliifunika kitambaa cha kufunikia tortilla na kuisemesha.

"Huyu anakula kuliko marehemu mume wangu," alisema. "Na kama yeye, hatujui anafanya nini mchana kutwa."

Ila Punda naye alidai chake. Kila ujumbe ulikuwa na gharama, kwa hiyo hatukuandika picha moja moja. Tulikusanya za siku nzima, tukazifunga pamoja kuwa alama moja, na kuituma tukishafika mjini. Katikati, kuanzia jangwani hadi jikoni kwa shangazi, ushahidi wetu wote ulikuwa mfukoni mwa mtu. Siku moja, njia ya kurudi, magari mawili yalikuwa yamekaa katikati ya barabara. Vijana wenye bunduki waliwashusha wanawake, wakachukua simu zote, wakawaambia kule walikotoka wasirudi tena. Hawakumpiga mtu. Mmoja alimwita shangazi "bibi" na kumsaidia kupanda garini.

Waliingia nyumbani kwa shangazi wakakaa. Siku ile walikuwa wamempata mtu mmoja, mwenye kiatu kimoja cha buluu, na sasa alikuwa hana pa kuandikwa isipokuwa vichwani mwao. Nilimwangalia Yadira nikisubiri aseme, si niliwaambia? Jangwani pale mawimbi ya simu yalikuwepo. Kwa Troka, kiatu kile kingekuwa kimeandikwa kabla hawajapanda gari. Yadira alivua viatu vyake akaanza kuchomoa miiba kwenye soksi.

"Nere," alisema mwishowe, "haiwezekani tukawatumia wote wawili?"

"Kumwandika kwa Troka palepale, halafu jioni kwa Punda?"

"Eeh."

"Inawezekana. Troka akirudishwa nyuma, Punda anayo. Mkinyang'anywa simu, Troka anayo, walau kwa siku hiyo, walau mpaka mtu amtembelee Ulises. Lakini ni kazi mara mbili. Kila mtu, mara mbili."

"Kwani tulikuwa tunafanya nini kingine?" alisema shangazi.

Ndivyo tulivyofanya tangu hapo. Halikuwa suluhisho la kupigiwa makofi. Kwenye jedwali langu halikuwa na safu. Niliuliza ofisi yangu kama wangependa niandike habari za watu wanaohitaji kasi asubuhi na usalama jioni, wakanijibu kwamba wateja huchanganyikiwa wakipewa majibu mawili.

Msimu wa ngano ulipokwisha, alitupigia mama mmoja kutoka Zacatecas aitwaye Eufrasia Dueñas. Kundi lilikuwa na ukurasa wa intaneti ambapo maelezo ya nguo na vitu yaliwekwa, bila picha, na chini yake namba ya alama kwenye mtandao. Alikuwa amesoma kuhusu mkanda wenye kichwa cha farasi.

"Umeshonwa nyuma kwa uzi mwekundu?" aliuliza. "Karibu na tundu la tatu. Niliushona mimi, sikuwa na rangi nyingine."

Shangazi alimpa Yadira, aliyekuwa akizungumza naye, simu yake mpya, yenye nakala za zile picha tulizokuwa tumezihifadhi kwenye kompyuta. Yadira alizikuza, akasogeza, akakuza. Uzi ulikuwepo.

"Ndiyo, mama," alisema kwenye simu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Ni mwekundu."

Bi Eufrasia alikwenda ofisini na mwanasheria, bila kupitia kwetu, na tarehe yetu ya kuchelewa mkononi. Kuchelewa kule, kumbe, kulitosha: tarehe ilikuwa bado ya nyuma sana kabla yeye hajasikia jina la Bacamaya, na mahali palikuwa pametajwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema tulipatana naye. Wakatafuta ghalani mwa ofisi, wakakuta mfuko wa tatu wa mfereji umebandikwa namba ya mahali pengine. Wakalinganisha damu ya mama na mifupa. Alikuwa mwanawe, Heriberto, fundi wa pampu za maji. Mhitimu alihamishiwa mji mwingine. Wengine walisema amepandishwa cheo.

Nilimwuliza Yadira anajisikiaje. Tulikuwa garini, tunakwenda kumpokea yule mama kituo cha basi, katika safari yake ya pili.

"Sijui," alisema. "Nilikuwa nimeshamzika, Nere. Nilikuwa nimeshachagua shati la kumzikia. Sasa inabidi nimfufue nianze kumtafuta." Akabadilisha gia. "Namwonea wivu yule mama. Ndiyo ujue nimefikia wapi. Namwonea wivu."

Bi Eufrasia alikuwa mfupi, amevaa nguo nyeusi za kanisani, ana mfuko wa chakula alichotupikia sisi. Tulimpeleka kwa shangazi kwanza, na mimi, kwa kudhani ni heshima, nilimwonyesha kwenye kompyuta ile kando ya friji mstari wa mwanawe: herufi na tarakimu ndefu zisizo na maana kwa jicho. Nikamweleza kwamba uko hivyohivyo katika maelfu ya nyumba, Japani, Brazili, popote, na hakuna wa kuutoa.

Aliutazama kwa adabu.

"Ahsante, binti," alisema. "Na ardhi yenyewe iko wapi?"

Tulimpeleka mferejini. Utepe wa ofisi ulikuwa umekatika, umeng'ang'ania kwenye dungusi. Yadira alifunga turubai kati ya mlango wa gari na mti ili mama apate kivuli, akamtandikia blanketi pale penye udongo ulioshuka. Bi Eufrasia alikaa, akaweka mkono chini, akapapasa.

"Kichwa kilikuwa upande gani?"

"Huu, mama," alisema Yadira, akapiga magoti kumwonyesha. "Upande wa mfereji."

Yule mama akajisogeza, kidogo kidogo kwa sababu ya magoti yake, mpaka akawa amekaa upande huo. Sisi tukarudi garini tukamwachia nafasi. Shangazi alifungua chakula alichotupikia yule mama, akakigawa, tukala milango ikiwa wazi.